KUTOKA HOSPITALINI SI KUPONA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika majarida kama hili huwa tunasoma makala mengi kuhusu jinsi ya kujikinga na maradhi, nayo ni mazuri. Lakini ni nadra kusoma kuhusu kile kipindi kinachofuata baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Watu wengi hudhani kwamba daktari akishaandika karatasi ya kutoka, basi ugonjwa umekwisha, na kilichobaki ni kuchinja kuku na kumshukuru Mungu. Mgonjwa akikaa wiki mbili bila kushika jembe, maneno huanza: "Si alipona? Mbona analala mchana?"

Nimechagua mada hii kwa sababu mwaka jana mama yangu mzazi alilazwa siku 16 kwa nimonia iliyogeuka kuwa sepsisi. Yetu ni shule ya kutwa, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nikivua sare na kuwa muuguzi. Niliyojifunza kwa madaktari, kwa wauguzi na kwa kusoma nimeyaandika hapa, kwani hakuna ajuaye ni lini zamu ya kuuguza itamfikia.

SEPSISI NI NINI?

Mwili una askari wake wa kupigana na viini vya maradhi. Kwa kawaida viini vikiingia, askari hao huvipiga na mambo huishia hapo. Katika sepsisi, vita hupita kiasi. Ni kama askari waliotumwa kumshika mwizi mmoja sokoni, lakini wakaanza kupindua meza na kuvunja maduka. Mwili huanza kujiumiza wenyewe. Presha hushuka, damu haifiki vizuri penye kuhitajika, na mapafu, figo, moyo na hata ubongo huweza kudhurika. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki cha kale na linahusu kuoza.

Ugonjwa huu haupitii mlango mmoja. Unaweza kuanzia kwenye nimonia, kwenye njia ya mkojo, tumboni, kwenye kidonda cha ngozi au kwa mama aliyetoka kujifungua. Si ugonjwa wa watu wachache pia. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka wa 2017 pekee watu wapatao milioni 49 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 kati yao wakafariki. Wengi wao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani kama zetu. Mwaka huohuo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziutilie maanani ugonjwa huu, na kila tarehe 13 Septemba huwa ni siku ya sepsisi duniani.

Kwa hivyo mtu aliyetoka wadini akitembea kwa miguu yake ameponea chupuchupu. Lakini kuponea chupuchupu na kupona ni mambo mawili tofauti.

KAZI YA HOSPITALI NA KAZI YA NYUMBANI

Daktari mmoja alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema kazi ya hospitali ni kuuzima moto, na kazi ya nyumbani ni kuijenga upya nyumba iliyoungua. Dripu, oksijeni na sindano za viuavijasumu huua viini. Lakini hakuna sindano ya kurudisha misuli.

Mtu anapolala kitandani siku nyingi akiwa na homa kali, mwili huila misuli yake ili upate nguvu za kupigana. Ndiyo sababu mama, ambaye alikuwa akibeba gunia la kabichi sokoni, alirudi nyumbani akashindwa kuinua sufuria ya chai. Si uvivu, wala si kudeka. Misuli yenyewe ilikuwa imepungua, na ile iliyobaki ilikuwa dhaifu.

Je, huchukua muda gani? Kwa nimonia peke yake, madaktari hutoa makadirio haya: baada ya wiki moja ya matibabu homa huwa imekwisha, baada ya wiki nne maumivu ya kifua na makohozi hupungua, baada ya wiki sita kikohozi na kuhema hupungua sana, baada ya miezi mitatu dalili nyingi huwa zimeondoka, ila uchovu unaweza kubaki, na kufikia miezi sita wengi huwa wamerudia hali yao. Sepsisi ikijumuika hapo, safari huweza kuwa ndefu zaidi. Wapo wanaohitaji mwaka na zaidi. Mtu asiyejua hesabu hii atamsukuma mgonjwa akafanye kazi katika wiki ya tatu.

DAWA ZA KUMALIZIA

Mama alipewa vidonge vya kumeza nyumbani mara tatu kwa siku. Wengi husikia "mara tatu" wakadhani ni asubuhi, mchana na jioni wakati wa kula. Muuguzi alitufafanulia kuwa siku ina saa 24, ukigawa kwa tatu unapata kila baada ya saa 8. Basi tukaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Zamu ya asubuhi na ya usiku ilikuwa yangu. Ile ya saa nane nilikuwa darasani, kwa hivyo ikawa ya nyanya. Kila kidonge kilichomezwa kiliwekewa alama. Hakuna aliyehitaji kuuliza, "Mama umemeza?" na kumchosha.

Kuna jambo la hatari hapa. Homa ikitulia, watu hukata dozi na kuweka vidonge vilivyobaki kwenye kabati, ati vitamfaa mtoto akikohoa. Viini vilivyodhoofishwa tu huweza kuinuka tena, na pengine vikawa sugu. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko inavyotakiwa itavifundisha viini kuizoea. Kwa hivyo fuata alichoandika daktari, usipunguze wala usiongeze. Na ikiwa jirani ataleta dawa ya miti shamba, mwambie asante, kisha umuulize daktari kabla ya kuichanganya na vidonge.

CHAKULA

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hii ina hekima yake, lakini mgonjwa anayepona sepsisi mara nyingi hana hamu ya kula, na ladha mdomoni huwa imebadilika. Mama alisema chai ilikuwa na ladha ya chuma. Ukimwekea mlima wa ugali atauangalia tu, kisha ajilaumu.

Tulichoshauriwa ni hiki: kidogo kidogo, mara nyingi. Badala ya milo mitatu mikubwa, tulimpa sita midogo. Misuli hujengwa kwa protini, na protini si lazima iwe nyama ya kilo. Yai la kuchemsha, maharagwe, ndengu, maziwa, njugu za kusaga ndani ya uji wa wimbi, na omena, zote ni protini na hazimalizi pesa. Omena wa kukaanga na mboga za kunde ndio waliomrudishia mama hamu. Maji pia yasisahaulike, yachemshwe na kuwekwa karibu naye, maana mtu dhaifu huona uvivu kuamka kuyafuata. Lakini aliyeambiwa na daktari apunguze maji au chumvi kwa sababu ya figo au moyo afuate agizo lake, si makala haya.

NGUVU ZA SHILINGI MIA

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, wengine kwa kumlaza mgonjwa siku nzima, wengine kwa kumharakisha. Kulala tu humaliza misuli zaidi, na kifua hakifunguki. Kuharakisha nako humwangusha.

Sisi tulitumia mfano wa pesa. Chukulia kwamba kila asubuhi mgonjwa anaamka na shilingi mia moja za nguvu. Kuoga ni shilingi thelathini. Kutembea hadi chooni na kurudi ni kumi na tano. Kuongea na wageni saa nzima ni arobaini, naam, kuongea pia kunachosha! Akizitumia zote kufikia saa nne, mchana atakopa, na deni hilo atalilipa kesho kwa kulala kutwa. Kumbe akioga akiwa ameketi kwenye kigoda anaokoa kumi. Akipumzika kabla hajachoka, anaokoa nyingine.

Halafu akiba inaongezwa polepole. Wiki ya kwanza mama alikuwa akiketi mkekani nje ya mlango, mgongo ukiegemea ukuta. Wiki ya pili alitembea hadi kwenye mparachichi, hatua 22, nilizihesabu. Wiki ya nne alifika langoni. Kulikuwa na siku alizorudi nyuma: leo lango, kesho mlango tu. Mwanzoni nilivunjika moyo, lakini muuguzi alisema hivyo ndivyo kupona kulivyo. Kinachotazamwa ni wiki kwa wiki, si siku kwa siku. Polepole ndio mwendo.

AKILI NAYO HUUGUA

Jambo ambalo hakuna aliyetutayarishia ni hili. Usiku mama alikuwa akishtuka usingizini akipiga kelele. Alitusimulia kwamba alipokuwa wadini aliona mbuzi wakipita kati ya vitanda, na akatuuliza kwa nini hatukuwafukuza. Siku tano nzima hazikumbuki kabisa. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba amerogwa.

Hakurogwa. Homa kali, upungufu wa oksijeni na dawa nzito huvuruga ubongo, na mgonjwa huona vitu ambavyo kwake ni vya kweli kabisa. Baadaye picha hizo humrudia katika ndoto. Wengine husahau majina, hushindwa kufuata mazungumzo, hukasirika upesi au hulia bila sababu. Kwa wengi hali hii hupungua kadiri miezi inavyopita. Ikizidi, au mgonjwa akisema hataki kuishi, apelekwe kwa daktari kama vile angepelekwa kwa homa.

Katika nchi za Skandinavia wauguzi wamekuwa kwa miaka mingi wakiwaandikia wagonjwa mahututi shajara, ili wakizinduka wajue yaliyotokea. Mimi sikujua hayo wakati ule, lakini nilikuwa na daftari la kuandikia alichosema daktari na pesa zilizotumika. Siku moja mama aliniomba nimsomee. Nikamsomea: Jumanne, ametolewa oksijeni. Jumatano, amekunywa uji vijiko vinne. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Kumbe mlikuwa hapo." Tangu siku hiyo alianza kulala vizuri zaidi. Kwa hivyo nakushauri, ukiwa na mgonjwa, andika. Hata mistari miwili kwa siku yatosha.

NYWELE, KUCHA NA MIDOMO YA WATU

Mwezi wa tatu, mama akiwa sasa anapika, nywele zake zilianza kung'oka kwa mafungu kila alipochana. Mtaani maneno yakapamba moto. Wapo waliotaja ugonjwa huu, wapo waliotaja ule.

Maelezo yake ni mepesi. Wakati wa hatari mwili husimamisha kazi zisizo za lazima, na kuotesha nywele ni mojawapo. Nywele zilizosimama hivyo hazianguki papo hapo, bali huanguka baada ya miezi miwili au mitatu, wakati watu wamekwisha kusahau ugonjwa. Kisha huota tena. Vilevile kwenye kucha huweza kutokea mfereji mdogo unaokatiza. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo mfereji huo husogea kuelekea nchani mpaka ukakatwa. Ukiuona, jua unatazama alama ya zile siku za wadini.

WAGENI

Kwetu Afrika mgonjwa ni wa watu wote, nami sisemi wageni wafukuzwe. Lakini mwili uliotoka vitani haujapata askari wapya, na mafua ya mgeni yanaweza kuwa janga kwa mwenyeji. Nyanya aliweka kiti chake mlangoni, na kando yake ndoo ya maji na sabuni. Kila aliyekuja alikaribishwa anawe mikono. Aliyekohoa aliambiwa kwa heshima, "Mwanangu, msalimie kupitia dirishani, Mungu atakuona." Baada ya nusu saa nyanya alikuwa akisema, "Tuombe, wageni wana safari." Hakuna aliyekasirika, maana nani atabishana na nyanya?

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Sehemu hii ningeomba uisome mara mbili. Aliyewahi kupata sepsisi anaweza kuipata tena, na si wachache wanaorudishwa hospitalini katika miezi mitatu ya kwanza. Dalili ya mvua ni mawingu. Usingoje kesho ukiona yafuatayo:

1. Homa inayorudi, yaani joto la zaidi ya 38, au mwili kuwa baridi kuliko kawaida, chini ya 36, pamoja na kutetemeka.
2. Kupumua kwa kasi. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika.
3. Kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au usingizi mzito usio wa kawaida.
4. Kukaa kutwa bila kupata mkojo.
5. Ngozi kubadilika rangi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi tazama midomo, ulimi, viganja na nyayo kama vimekuwa vya kijivu au vimepauka.
6. Maumivu makali, au mgonjwa mwenyewe kusema, "Nahisi nakufa." Usimwambie aache mambo hayo. Mwamini.

Usiku wa tisa baada ya kurudi nyumbani, mama alianza kutetemeka. Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani: 28 kwa dakika. Nikahesabu tena: 28. Baba mdogo alisema tungoje kupambazuke kwa kuwa gari la usiku ni ghali. Nyanya alisema gari ni ghali lakini jeneza ni ghali zaidi. Tuliondoka saa saba usiku. Tulipofika, maneno ya kwanza niliyomwambia muuguzi ni, "Huyu alilazwa kwa sepsisi, ametoka juzi, hii hapa karatasi yake." Hatukuketi kwenye benchi. Alitibiwa mara moja, na baada ya siku nne tukarudi naye nyumbani. Daktari alisema saa chache zaidi zingeleta habari nyingine.

Kwa hivyo karatasi ya kutoka hospitalini isitupwe wala kufungiwa nyama. Iwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Tena kumbuka wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka wa 2023 serikali yetu iliwapa takriban laki moja kati yao mikoba yenye vifaa kama kipimajoto na mashine ya kupimia presha. Pengine yule wa mtaa wenu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu. Mjue kabla hujamhitaji.

NA SISI SHULENI?

Baadhi ya wagonjwa ni wanafunzi. Mwenzetu akirudi shule baada ya kulazwa, anaweza kuonekana mzima huku akishindwa kupanda ngazi, akisinzia somo la alasiri au akisahau alichosoma jana. Kumwita "mzee" au "mgonjwa wa kujifanya" ni kumwongezea mzigo. Mpe daftari zako anakili. Mbebee mkoba. Kwa walimu wetu tunaowaheshimu, ombi langu ni kwamba mwanafunzi kama huyo aruhusiwe kuanza na nusu siku, asamehewe mbio za asubuhi kwa muda, na aongezewe muda wa kumaliza kazi. Na yule anayechelewa kwa sababu alikesha akiuguza mzazi, aulizwe kwanza kabla ya kupigishwa magoti. Wapo miongoni mwetu wanaokuja darasani wakiwa wameamka usiku mara tatu, nao hawasemi.

Anayeuguza pia ni binadamu. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hivyo gawaneni zamu. Ndugu yangu wa darasa la sita alikuwa akiteka maji, dada akifua, mimi nikishika dawa na kupika. Hakuna kazi iliyoitwa ya wasichana au ya wavulana.

Kwa kumalizia, wenzangu, hospitali zetu zinafanya kazi kubwa ya kuokoa maisha, lakini maisha hayo hukabidhiwa kwetu mlangoni pamoja na mfuko wa vidonge. Kuyapokea kunahitaji mambo ambayo hayauzwi: muda, subira na macho ya kuona dalili mapema. Ukisikia mtu wa mtaa wenu ametoka hospitalini, usiulize ataanza kazi lini. Uliza leo amekula nini, na kama kuna ndoo ya maji unayoweza kuteka.

Kiswahili kitukuzwe, na wagonjwa wote wapate afueni.